Kibanda umiza kikizima, simu inawaka

UMEME unakatika dakika ya 78. Ubao unasoma 0-0, Mnyama ana kona, na ndani ya kibanda umiza hakuna pa kutia hata mguu. Feni zinanyamaza kwanza, kisha runinga inakuwa nyeusi. Inapita sekunde moja ya kimya, halafu yanaanza matusi. Lawama zinakwenda Tanesco, zikifika huko zinarudi kwa mwenye kibanda, ambaye jenereta lake halijawekwa mafuta tangu wiki iliyopita.

Kabla hajapata hata kidumu cha petroli, kijana mmoja wa benchi la nyuma ameshafungua simu. Vichwa ishirini vinamwangukia. Aliye karibu anaona mpira, wa katikati anaona kijani tu, wa nyuma anaona kisogo cha mwenzake. Kwenye simu, kona haijapigwa bado. Kipa anawapanga mabeki wake, mpigaji anaweka mpira vizuri, anaurudia tena.

Hapo hapo mtaa wa pili, ambao uko fezi nyingine na taa zao zinawaka, kelele zinalipuka. Goooli!

Nani kafunga? Hakuna anayejua, maana kwenye simu kona bado haijapigwa. Wa Simba wanashangilia nusunusu, wa Yanga wanadai hilo ni shambulizi la kushtukiza, wao ndio wamefunga. Watu wazima na ndevu zao wamekodoa macho kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, wakisubiri kiwaambie jambo ambalo mtaa mzima unalijua.

Shabiki wa Manzese, Mbagala au Buguruni haihitaji kuelezwa picha hiyo, kwa sababu ameshawahi kuwa kwenye lile rundo la vichwa. Na ukiitazama vizuri, humo ndani kuna swali ambalo makampuni makubwa ya dunia yalilipia mabilioni kutafuta jibu lake: hivi watu watataka kweli kuangalia mpira kwenye simu?

MAPACHA WASIOSALIMIANA

Kwa Tanzania Bara, runinga na simu ya mkononi ni kama mapacha. Zote ziliingia mwaka 1994. ITV ilianza kurusha matangazo, na Mobitel, ambayo baadaye ikawa Tigo na sasa ni Yas, ikaanza kuuza laini. Zanzibar wao walishakuwa na runinga yao tangu miaka ya 1970, wakati huku Bara watu walikuwa bado wanabandika sikio kwenye redio ya mkulima kusikiliza Simba na Yanga kupitia Radio Tanzania.

Kwa miaka mingi mapacha hao hawakusalimiana. Simu ilikuwa ya kupiga, kutuma ujumbe na kubipu. Runinga ilikuwa ya sebuleni kwa mwenye nazo, na ya kibandani kwa wengine wote.

Kwingineko duniani kulikuwa na haraka. Korea Kusini walianza kurusha runinga kwenye simu mwaka 2005. Japani wakafuata Aprili 2006. Italia ndiyo ilikuja na hesabu za kimpira zaidi, maana kampuni ya 3 Italia ilizindua huduma hiyo Juni 2006, Kombe la Dunia la Ujerumani likiwa linaanza. Na kwa bahati ambayo hakuna idara ya masoko inayoweza kuipanga, Italia wakabeba kombe lenyewe Berlin Julai 9, kwa penalti 5-3 dhidi ya Ufaransa, usiku ule wa kichwa cha Zinedine Zidane kifuani kwa Marco Materazzi.

Kama kuna wakati ambao mpira kwenye simu ulipaswa kushika moto moja kwa moja, ni huo. Haukushika.

Teknolojia ya wakati ule haikutumia intaneti kama leo. Minara maalumu ilijengwa, ikawa inarusha chaneli kwa simu zote kwa mkupuo, kama redio inavyofanya. Faida yake ni kwamba hata watu milioni wakiangalia kwa pamoja, mtandao haulemewi. Hasara yake ni kwamba ilibidi ununue simu yenye kifaa maalumu cha kunasa mawimbi hayo. Nokia walikuwa na N92, mashine ya kifahari kwa enzi hizo, lakini kioo chake kilikuwa inchi 2.8. Jaribu kumtafuta winga kwenye inchi 2.8. Mpira wenyewe unaonekana kama punje ya mtama iliyodondoka kwenye zulia.

Marekani nao wakaja na FLO TV, ya kulipia kila mwezi. Ilizimwa Machi 2011, na masafa yake wakauziwa AT&T kwa karibu dola bilioni 2, ili yatumike kwa intaneti ya simu. Afrika, MultiChoice nao walijaribu, wakaleta kidude kinachoitwa Walka, runinga ndogo ya kutembea nayo mkononi. Leo ukimuuliza kijana wa miaka 20 Walka ni nini, atadhani unamtajia winga mpya kutoka Ghana.

Wataalamu wengi wakakunja mafaili. Ikaonekana jibu limepatikana, kwamba watu hawataki.

Kumbe watu walikuwa hawataki kile walicholetewa. Wakati makampuni yanajenga minara ya kurusha chaneli zilezile za sebuleni, YouTube iliyoanza 2005 ilikuwa inamzoesha mtu kitu kingine kabisa: kuchagua goli analotaka, saa anayotaka, na kulirudia mara saba kama linamuuma mtani wake.

KLIPU NI JAMBO MOJA, DAKIKA 90 NI JINGINE

Hapo ndipo mjadala huu unapochanganywa mara nyingi. Kuangalia video kwenye simu siyo jambo moja.

Kwenye klipu, mchezo umeshaisha na simu imeshinda. Novemba 5, 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1 kwa Mkapa, magoli yale yaliingia kwenye status za WhatsApp kabla mashabiki hawajafika Kariakoo. Kuna watu hawakuiona ile mechi hata dakika moja, lakini leo wanaweza kukusimulia bao la tano kama walikuwa nyuma ya nyavu. Klipu ni fupi, inakula MB chache, na kazi yake kubwa ni utani. Hakuna shabiki wa Bongo anayehitaji kushawishiwa kuangalia utani.

Dakika 90 mubashara ni ngoma nyingine. Hapo unaomba macho ya mtu, chaji yake, bando lake na mkono wake mmoja kwa karibu saa mbili.

Wanaodhani watu hawawezi kuvumilia hivyo waangalie India. Septemba 2016 iliingia sokoni kampuni ya Jio ikiwa na intaneti ya bei ya kutupa, na bei za wapinzani zikaporomoka. Novemba 19, 2023, India ilipocheza na Australia fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, mchezo ambao huku wengi wetu hatujui hata unahesabiwaje, Disney+ Hotstar ilihesabu watu milioni 59 wakiangalia kwa wakati mmoja. Kwenye simu ilikuwa bure.

Milioni 59. Karibu sawa na kuweka Tanzania nzima, wazee na vichanga, kila mmoja mbele ya kioo. Kwa hiyo suala la hamu lilishafungwa. Binadamu akiipenda timu yake ataiangalia hata kwenye kioo cha saa. Kinachobaki ni mshiko.

HESABU ZA BANDO

Kwa vipimo vinavyotangazwa na Netflix, video ya ubora wa kawaida inaweza kufika GB 1 kwa saa, na ile ya HD mpaka GB 3. Mechi, ukiweka mapumziko na dakika za nyongeza, ni karibu saa mbili. Maana yake ukiangalia kwa picha ya kawaida jiandae na GB 2, na ukijifanya tajiri wa HD zinaweza kuondoka GB 6 kwa mechi moja. Hapo hujalipia kifurushi cha kuangalia chenyewe. Simu inadai mara mbili, king'amuzi kinadai mara moja.

Sasa weka hesabu hiyo pembeni ya kibanda umiza, ambako jero au buku inakupa benchi, runinga kubwa, wachambuzi arobaini wasiolipwa na, ukiwa na bahati, feni. Jumamosi unaona na mechi ya pili kwenye runinga ya pembeni bila kuongeza kitu.

Ndiyo maana shabiki wa simu ana mbinu zake. Anashusha ubora wa picha mpaka namba za jezi hazisomeki, anamtambua mchezaji kwa mwendo wake tu. Anaangalia kipindi cha kwanza kwa macho, cha pili anafuata matokeo kwa maandishi, halafu anarudi kwenye video dakika ya 85 kama ubao bado una presha. Wengine wananunua bando kwa kuchanga, mmoja anaweka simu, wawili wanaweka vocha, wa nne anaweka kibanio cha kusimamishia simu, ambacho mara nyingi ni kiatu.

Halafu kuna ule ugonjwa wa kuchelewa. Video ya intaneti hukatwa vipande vya sekunde chache, na simu hujiwekea akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha, ili mtandao ukiyumba picha isigande. Akiba hiyo ndiyo inayokuweka nyuma kwa sekunde 30, wakati mwingine zaidi, ya mwenye dishi. Kwa mtu anayeangalia filamu hilo si kitu. Kwa shabiki wa Sinza aliyezungukwa na baa tatu ni mateso. Kila goli anaambiwa na majirani. Penalti ndiyo mbaya zaidi, maana anaona mpigaji anaweka mpira huku tayari anajua umepaa.

Na redio inawazidi wote. Mzee aliyekaa barazani na kiredio chake, TBC Taifa sikioni, anajua goli wakati kijana wa simu janja bado anaona mpira uko kwa kipa. Mzee anatabasamu tu, hasemi kitu.

WALIOPEWA TIKETI NA SIMU

Lakini ukisimama hapo tu utakuwa umewaona wenye nafasi ya kwenda kibandani. Wapo wengi ambao hawakuwahi kuwa nayo.

Mlinzi wa getini hawezi kuacha lindo. Bodaboda aliyepaki kijiweni anasubiri mteja, na mteja anaweza kuja dakika yoyote. Nesi wa zamu ya usiku, machinga anayefunga meza saa 4, dereva wa lori aliyelala Mikumi na mzigo wa Tunduma, hawa wote Ligi ya Mabingwa kwao ilikuwa ni kusimuliwa asubuhi. Kwao simu haikushindana na runinga, ilishindana na kukosa kabisa.

Kuna wasichana pia. Tuseme ukweli, kibanda umiza cha saa 5 usiku hakijawahi kuwa mahali ambapo mzazi wa Kitanzania anamruhusu binti yake aende akabanane. Wanawake wengi wanaojua leo kikosi cha Simba au Yanga mpaka benchi la akiba, ujuzi huo hawakuupata kwenye mabenchi ya mbao. Wameupata chumbani, spika za sikioni zikiwa ndani, bando la usiku likifanya kazi yake.

Na walio mbali. Mbongo aliyeko Muscat au Dubai hana kibanda cha kuonyesha Ligi Kuu Bara. Mechi ya Mashujaa na Namungo ataipata kiganjani au hataipata.

Zipo pia siku ambazo uwanja wenyewe unakataa. Mei 25, 2025, Simba ilipocheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane, mechi ilipelekwa New Amaan, Zanzibar, uwanja mdogo kwa mbali kuliko Mkapa wenye viti 60,000. Maelfu ya Wanamsimbazi waliokuwa wameshajiona jukwaani walibaki upande huu wa bahari. Ikaisha 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1, na wengi walilia wakiwa ndani ya mabasi, simu mkononi.

Kuna na kundi la nne, la wenye mikeka. Huyu haangalii timu yake, anaangalia pesa yake, na pesa yake inaweza kuwa imelala kwenye ligi daraja la pili la Uturuki ambayo hakuna kibanda duniani kitakachoiweka. Yeye simu haiwezi kutoka mkononi. Mkeka ukichanika dakika ya 93, ni hiyohiyo simu inayopigwa chini.

NANI ANAKULA, NANI ANALIWA

Mei 2021, Azam Media na TFF walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Fedha hizo ndizo zinazofanya klabu ya mkoani ilipe nauli ya kwenda Bukoba au Mtwara. Azam wana programu yao ya simu, Azam Max, kwa hiyo wameshaona upepo unakoelekea.

Wengine waliweka dau kubwa zaidi hukohuko. Februari 2024, Showmax walijizindua upya kwenye nchi 44 za Afrika wakiwa na kifurushi cha Ligi Kuu England cha kuangalia kwenye simu pekee, mechi zote 380. Hawakukificha walichokuwa wanakifikiria, kwamba Mwafrika wa kawaida atanunua simu janja kabla hajanunua dishi. Mwaka 2025 DAZN wakaenda mbali zaidi, wakaachia mechi zote 63 za Kombe la Dunia la Klabu bure. Ilikuwa ni kufungua tu programu.

Tatizo ni ile njia ya uani. Kila dabi, saa moja kabla, magrupu ya WhatsApp na Telegram yanaanza kuulizana linki. Mtu ana simu ya laki nne, ana bando la wiki, lakini kifurushi cha halali anakiona anasa. Anaangalia picha iliyochukuliwa na mtu aliyeelekeza kamera kwenye runinga ya sebuleni, unaona na pazia, unamsikia na mtoto analia. Dakika ya 60 linki inakufa, inaanza safari ya kutafuta nyingine. Mtindo huo unachekesha mpaka ukumbuke nauli ya kwenda Bukoba inatoka wapi.

Mwenye kibanda naye ana hofu yake, na si ndogo. Amekopa runinga, analipa king'amuzi, umeme, pango na kijana wa mlangoni. Mechi za katikati ya wiki zimeanza kupwaya. Wale watano au sita waliokuwa wanakuja kuangalia Everton na Fulham kwa sababu tu hawana cha kufanya, siku hizi hawaji. Wako vitandani na simu. Zile mechi ndogondogo ndizo zilizokuwa zinalipa umeme.

Lakini siku ya dabi mambo yanageuka. Foleni inaanza saa 8 mchana, na wenye simu zenye bando wamo kwenye foleni hiyo hiyo. Wanalipa buku kuangalia kitu ambacho wanacho mfukoni, kwa sababu goli la Yanga ukiwa peke yako chumbani unalishangilia kwa nani? Na ukifungwa, bora ufungwe ukiwa na wenzako. Kwa hiyo kibanda hakifi, ila kinaanza kuwa kama ukumbi wa harusi, kinajaa siku zake.

USIKU WA MAREKANI

Mtihani unaofuata una tarehe. Kombe la Dunia linaanza Juni 11, 2026, nchini Marekani, Canada na Mexico, timu 48 na mechi 104. Ufunguzi wa Mexico na Afrika Kusini pale Mexico City ni saa 4 usiku kwa saa zetu, na fainali ya Julai 19 vilevile. Hizo kibanda kitajaza bila matangazo.

Balaa ni zilizobaki. Mechi inayoanza saa 3 usiku New York, huku ni saa 10 alfajiri. Ya saa 12 jioni kule, huku ni saa 7 usiku. Hakuna serikali ya mtaa itakayokubali kelele za saa 10 alfajiri jirani na msikiti, na hakuna mwenye kibanda atakayemlipa kijana wa mlangoni akeshe kwa ajili ya wateja watatu.

Kwa hiyo watu wataangalia wapi? Wataangalia chini ya chandarua. Simu imeegemezwa kwenye mto, mwanga umepunguzwa, spika sikio moja ili sikio la pili limsikie mtoto akiamka. Mke amegeukia ukutani, ameshasema mara mbili zima hiyo taa. Saa moja na nusu asubuhi mtu anatakiwa awe kwenye mwendokasi kuelekea kazini. Chaji asilimia 11, kiduara kinazunguka katikati ya kioo, na mpira umegandia hewani ndani ya boksi.

Na safari hii hakuna jirani aliye macho wa kumwambia kama limeingia.